Usukani Usio na Maji: Istilahi za Mkao wa Setilaiti Ndogo



Nimeombwa kuzungumzia istilahi za sayansi. Nimeona heri nichukue kifaa kimoja tu na kukitafutia jina: lile gurudumu dogo linalofungwa ndani ya setilaiti ili kuigeuza.

Mwaka 1999 wahandisi wa vyuo vikuu viwili vya California walibuni setilaiti ya mchemraba wenye upande wa sentimita 10, na tangu hapo vyuo vingi vimejitengenezea vyombo vya anga. Kenya nayo ilirusha Taifa-1, yenye michemraba mitatu ya aina hiyo, tarehe 15 Aprili 2023. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kueleza jinsi chombo kama hicho kinavyoigeuza kamera yake kuelekea ardhini atatumia maneno gani?

Nasema “mkao” wa setilaiti, wala si “mwelekeo”. Mwelekeo waweza kuwa wa safari. Chombo huweza kwenda mashariki huku kikitazama chini.

Mtu wa pwani atavutwa kwanza na neno “usukani”. Ni zuri, nalo lina hadhi ya ubaharia, lakini linapotosha. Usukani hugeuza jahazi kwa kuyasukuma maji, na huko juu hakuna maji, wala hewa ya kutosha kusukumwa. Setilaiti haina budi kusukuma kitu ilichokibeba tumboni mwake. Mota hulizungusha gurudumu upande mmoja, na mwili wa chombo hugeuka upande wa pili. Tuseme setilaiti ni nzito kuzungushwa mara 1,000 kuliko gurudumu lake. Ili kamera igeuke nyuzi 90, yaani robo ya mzunguko, gurudumu litazunguka mara 250 kinyume chake. Gurudumu likisimama, chombo nacho husimama. Kwa kuwa chombo huweza kugeuka kwa njia tatu, huhitaji magurudumu matatu. Mara nyingi la nne huongezwa kama akiba.

Kuna pia hatari ya tafsiri ya neno kwa neno. Jina la Kiingereza limejengwa juu ya neno lile lile ambalo wanakemia wetu hulifasiri kuwa “mmenyuko”. Tukisema “gurudumu la mmenyuko”, msomaji atatafuta tindikali ndani ya mota! Mimi napendekeza “gurudumu kinzani”. Najua nitapingwa, kwamba gurudumu halikinzi mgeuko wa chombo bali ndilo linalouzaa. Ni kweli, lakini pande mbili za mizunguko hiyo zinakinzana daima, na hilo ndilo jambo ambalo mwanafunzi hapaswi kulisahau. Wale wanaopendelea “pia”, kwa kukumbuka mchezo wa watoto, wakumbuke kwamba pia husifiwa kwa kusimama wima wakati inapozunguka kwa kasi. Gurudumu letu hufanya kazi kwa kubadilisha kasi yake.

Lugha yetu inatufaa zaidi tunapofika kwenye udhaifu wa kifaa hiki. Mwanga wa jua na mabaki ya hewa huisukuma setilaiti kidogo kidogo, na gurudumu huongeza kasi ili kuufuta msukumo huo. Hatimaye hufikia kasi ya mwisho ya mota, lisiweze kupokea zaidi. Hapo nasema gurudumu “limeshiba”, na sioni haja ya kutafuta neno jingine. Lazima “lipakuliwe”, kama shehena. Upakuzi huo hauwezekani kwa nguvu za ndani peke yake. Chombo chahitaji kitu cha nje cha kuegemea. Setilaiti ndogo nyingi hupitisha umeme katika koili za waya, zikausukuma uga wa sumaku wa dunia. Hapa ubaharia unarudi kwa haki: koili ni pondo, na uga wa sumaku ndio sakafu ya bahari inayochomwa kwa pondo hilo.

Mbali na dunia uga huo haupo. Darubini ya Kepler ya Marekani, ambayo haikuwa ndogo hata kidogo, ilirushwa mwaka 2009 ikiwa na magurudumu manne. Moja liliharibika mwaka 2012 na la pili mwaka 2013. Wahandisi waliugeuza mwili wake hivi kwamba shinikizo la mwanga wa jua liegemee pande zote kwa usawa, nayo ikaendelea kufanya kazi kwa magurudumu mawili hadi mwaka 2018. Hilo ni tanga, na ningependa kusikia mwanafunzi akilieleza kwa neno hilo.