KUHAMISHA KOMPAILA
Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wetu wa mwaka



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kompyuta, na Katibu amenionya nisiwalaze watu kabla ya chakula. Basi nitasema jambo moja tu: kuihamisha kompaila kutoka mashine ya aina moja kwenda mashine ya aina nyingine.

Kompaila ni mfasiri. Mtu huandika programu kwa lugha anayoweza kuisoma mwenyewe, nayo kompaila huigeuza iwe amri za mashine. Taabu ni kwamba kila aina ya mashine ina amri zake, na kompaila yenyewe ni programu, nayo yataka kufasiriwa. Je, nani atamfasiri mfasiri?

Swali hilo lilimkuta Niklaus Wirth, mwalimu wa chuo kikuu cha ufundi cha Zürich, Uswisi, aliyeitunga lugha ya Pascal. Mara ya kwanza kompaila iliandikwa kwa Fortran, ikashindikana. Mara ya pili wakaiandika kwa Pascal yenyewe, ingawa hapakuwa na mashine duniani iliyoielewa Pascal! Msaidizi wake mmoja akapelekwa kukaa nyumbani kwake majuma 2, aigeuze yote kwa mkono iwe katika lugha ya chini ambayo mashine yao iliijua. Mwaka 1970 ikafanya kazi, na tangu hapo kompaila ikaweza kujifasiri yenyewe.

Lakini iliweza hivyo palepale tu. Mashine ya Zürich ilikuwa CDC, yenye neno la biti 60. Wenzao wa chuo kikuu cha Belfast walikuwa na ICL 1900, yenye neno la biti 24. Waliihamisha, na mwaka 1972 wakaitangaza kazi yao, lakini ilibidi sehemu ya kutoa amri za mashine iandikwe upya. Si kila chuo kilikuwa na watu wa kazi kama hiyo.

Ndipo watu wa Zürich, katika miaka hiyohiyo ya 1970, wakaamua kufunga mzigo. Ndani yake mlikuwa na kompaila iliyoandikwa kwa Pascal. Kompaila hiyohiyo ikiwa imekwisha kufasiriwa kwa amri za mashine ya kubuni, ambayo wakati huo haikuwa imeundwa kiwandani. Na maelezo ya programu ndogo ya kuiigiza mashine hiyo. Aliyeupokea mzigo hakuwa na kazi ila kuiandika ile programu ndogo kwa lugha ya mashine yake. Ni kazi ya majuma, si ya miaka. Akimaliza anayo kompaila inayotembea; polepole, lakini inatembea, na kwa hiyo anaweza kujitengenezea nyingine ya haraka. Kule San Diego, Marekani, Kenneth Bowles aliuchukua mzigo huo, akatia ndani programu ya kuandikia na ya kutunzia mafaili, vyote pamoja, kwa mashine ndogo. Mwaka 1979 Pascal ya namna hiyo ikauzwa kwa Apple II. Wako wanaosema Pascal ilienea kwa uzuri wake. Mimi nasema ilienea kwa sababu ilifungwa vizuri.

Nayasema haya kwa kuwa mimi nilifunga vibaya.

Ofisi yetu ilikuwa na programu ya Pascal ya kukokotoa malipo ya vibarua. Kituo kimoja cha bara kilikuwa na kompyuta za zamani za biti 32, hakina mtandao, na viwango vya malipo vilibadilika mara kwa mara; kwa hiyo walihitaji kompaila yao wenyewe. Kompyuta yangu ilikuwa ya biti 64. Nikachukua Free Pascal, ambayo nayo imeandikwa kwa Pascal, nikaiamuru ijitengeneze upya kwa ajili ya mashine zao. Ikakubali. Nikaitia katika flashi, nikaikabidhi kwa dereva wa basi, nikalala usingizi mzuri.

Siku ya tatu karani wa kule, mzee aliyekaribia kustaafu, akanipigia simu. “Mwanangu, mzigo umefika, lakini hauna chumvi.” Kompaila iliamka, ikatafuta maktaba yake, haikuiona, ikakata tamaa. Mezani kwangu maktaba ilikuwamo katika folda nyingine, nami sikukumbuka kwamba imo. Mnamkumbuka mwenzetu wa bwenini aliyefika na sanduku la bati limefungwa, na ufunguo ameuacha nyumbani? Tulimcheka muhula mzima.

Mzee alikokotoa kwa mkono. Vibarua walilipwa siku 9 baada ya siku yao, na siku hizo Idd ilipita katikati. Hakunilaumu. Alisema tu, “Safari nyingine, ujaribu kwanza kwenye mashine ambayo haina kitu.”

Tangu hapo ninayo kompyuta kuukuu niliyoifuta kila kitu, na hakuna mzigo utokao kabla haujafunguliwa humo. Ndani hutia maktaba, maandishi asilia yote, na karatasi moja ya maelekezo ya Kiswahili ambayo mzee yule aliisahihisha kwa kalamu nyekundu kabla hajastaafu. Karatasi ninayo hapa. Vijana wanaotaka kuiona, nitakuwa chini ya mwembe baada ya chakula.