Mlango wa Wavu Ulionepa



Jambo letu la leo ni dogo. Ni mlango wa wavu, ule mlango mwepesi wa fremu ya mbao uliotandwa wavu wa waya, ambao husimama mbele ya mlango wenyewe katika nyumba nyingi za Pwani na za kando ya Ziwa, katika zahanati, na katika nyumba za wachungaji zilizojengwa zamani. Twataka kusema habari zake unapokuwa umenepa: pembe ya chini ya upande wa kitasa imeshuka mpaka yakwaruza sakafu, na juu, upande ule ule, pameachwa mwanya wa kupita kidole. Kila aingiaye huuinua kidogo kwa mkono ili ufunge, mpaka siku moja mtu huchoka, akatafuta jiwe, akauegemeza wazi. Jiwe hilo hukaa hapo miezi.

Huenda mmoja wenu akauliza kama hilo ni neno la kuletwa redioni. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, iko sheria fupi inayomhusu mtu ajengaye nyumba mpya. Nyumba za nchi ile zilikuwa na mapaa bapa, na watu walikaa huko juu. Basi mwenye nyumba aliagizwa azungushe ukingo, na kama hakuuzungusha na mtu akaporomoka, hatia ilikuwa ya nyumba hiyo. Tazameni jinsi sheria ilivyoshuka mpaka kwenye kazi ya fundi. Nasi katika nchi yetu hatulali juu ya mapaa, lakini twalala penye mbu.

Tena sisi wahubiri tukiona kitu kilichopinda hatukawii kukigeuza mfano wa moyo wa mwanadamu. Leo tutajizuia. Mbu apitaye katika mwanya wa mlango si mfano wa kitu chochote. Ni mbu, na humwuma mtoto aliyelala.

Mwaka 1897, huko India, daktari Mwingereza Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Hata hivyo watu wengi waliendelea kuilaumu hewa ya usiku; jina lenyewe la malaria, katika lugha ya Kiitalia, maana yake ni hewa mbaya. Ndipo mwaka 1900 Daktari Patrick Manson wa London alipopanga jaribio. Madaktari wawili, Louis Sambon na George Carmichael Low, pamoja na wenzao wachache, walikwenda kukaa karibu na Ostia, nchi ya mabwawa jirani na Roma, mahali palipojulikana kwa homa kali. Walikaa katika kibanda cha mbao chenye wavu wa waya madirishani na milangoni. Mchana walitembea huku na huku kama watu wengine. Kabla jua halijatua waliingia ndani, na hawakutoka mpaka kumekucha. Dawa ya kwinini hawakuimeza. Walikaa hivyo majira yote ya homa, tangu Julai hata Oktoba, na hakuna hata mmoja wao aliyepata malaria, ijapokuwa majirani waliowazunguka waliugua. Hewa ya usiku iliingia kwa wingi katika matundu ya wavu. Mbu hawakuingia.

Hayo ni ya zamani na ya mbali. Karibu zaidi na sisi, katika nchi ya Gambia, watafiti walifunga wavu katika nyumba za watu wa kawaida, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Katika nyumba zisizofungwa wavu, mtego mmoja ulinasa kwa usiku mmoja mbu wa malaria 37 hivi kwa wastani. Katika nyumba zilizofungwa wavu kila mahali, wakawa 15 hivi. Miongoni mwa watoto wa nyumba zisizo na wavu, karibu 19 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Katika nyumba zenye wavu walikuwa karibu 12. Kina mama mnaotusikiliza, ninyi mmekwisha kukaa foleni ya kuongezewa mtoto damu, nanyi mnajua tofauti hiyo ni kitu gani.

Sasa, dirisha likitandwa wavu hutulia mahali pake. Mlango haupati utulivu huo. Hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa siku, watoto huuning'inia, mbuzi huusukuma, na wakati wote huo uzito wake washikiliwa kwa upande mmoja tu, ule wenye bawaba. Upande wa kitasa hauna kitu cha kuubeba. Basi upande huo hushuka, polepole, wala hatuoni unaposhuka. Fremu iliyokuwa na pembe nne zilizonyooka hulala upande kama kiberiti kilichobonyezwa.

Wengi wakiona mlango unakwaruza huchukua randa na kuupunguza chini. Hiyo ni kazi ya bure, na twasema hivyo bila kumvunjia heshima fundi yeyote. Mlango utaendelea kushuka kwa sababu kilichoushusha hakijaguswa, na zaidi ya hayo sasa umekuwa mfupi. Siku utakaponyooshwa, utaacha mwanya chini pia.

Kwanza pima. Chukua tepe, au hata uzi, upime mshazari wa mlango, yaani toka pembe ya juu upande wa bawaba mpaka pembe ya chini upande wa kitasa. Kisha upime mshazari wa pili, toka pembe ya chini upande wa bawaba mpaka ile ya juu upande wa kitasa. Vipimo hivyo viwili vikilingana, fremu yenyewe ni nzima, na ubaya uko katika bawaba au katika mwimo: skrubu zimelegea, au matundu yake yamepanuka. Ziba matundu hayo kwa vijiti na gundi, utie skrubu ndefu zaidi, basi. Vipimo vikitofautiana, mshazari wa kwanza ukiwa mrefu, fremu imenepa. Mlango wenye upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 210, ukishuka sentimita 1 tu, utaonyesha tofauti ya karibu sentimita 2 kati ya mishazari yake. Haya ni mambo ambayo mtoto wa shule aweza kuyapima.

Dawa ya fremu iliyonepa ni waya mmoja na kikazio. Huko Marekani, ambako milango ya wavu imezoeleka tangu karne ya 19, maduka huuza kifaa hiki kikiwa tayari: vyuma viwili vyembamba vilivyounganishwa katikati na kikazio, na ncha zake hupigwa skrubu katika pembe za mlango. Sisi twaweza kukiunga wenyewe. Kikazio ni kile chuma kirefu chenye uwazi katikati na skrubu mbili, moja kila upande, kitumiwacho kukazia nyaya za ua na za milingoti ya antena. Ukikosa jina lake, mweleze mwenye duka kazi yake naye atakijua. Uzuri wake ni kwamba skrubu moja imechongwa kuelekea kulia na nyingine kuelekea kushoto. Kwa hiyo ukizungusha kile chuma cha katikati, skrubu zote mbili huingia ndani pamoja na kuvuta waya kutoka pande zote mbili. Skrubu ya kawaida ya unene wa milimita 6 huingia milimita 1 kwa mzunguko mmoja. Zikiwa mbili, waya umefupika milimita 2. Mlango wetu ule ulioshuka sentimita 1 wahitaji mizunguko minne na nusu hivi baada ya waya kunyooka. Hakuna nyundo, hakuna randa.

Sikilizeni vizuri neno hili moja, kwa maana hapa ndipo wengi hupotea. Waya hufungwa toka juu upande wa bawaba, kushuka mpaka chini upande wa kitasa. Waya waweza kuvuta tu, hauwezi kusukuma. Ukiufunga kinyume, toka chini ya bawaba kupanda mpaka juu ya kitasa, kila ukikaza utazidi kuivuta chini pembe ile ile iliyoshuka. Fundi aliyezoea kutia ubao wa mshazari katika milango ya mbao huufunga kinyume hivyo bila kufikiri, naye ana sababu yake: ubao husukuma, na kwa ubao njia hiyo ndiyo iliyo sawa. Kwa waya ni kinyume chake.

Toboa matundu madogo kwanza, usije ukaupasua mti, ukazitie skrubu za vichwa vya pete katika mbao nene za pembe, mbali kidogo na ncha. Waya na ukae mbali na wavu, unene wa kidole hivi, ili usiukwaruze na kuutoboa. Kisha tia kabari chini ya pembe iliyoshuka, uinue mlango mpaka mahali pake, ndipo ukaze. Usimwachie kikazio kazi yote ya kuinua. Tena usikaze yote kwa siku moja ikiwa mlango umenepa muda mrefu; kaza kidogo leo, kidogo kesho, mbao zipate kukubali. Palipo na wavu uliokuwa umekunjamana, utauona unanyooka wenyewe.

Hatutaki kumdanganya mtu. Mlango ulio sawa hautoshi. Mbu wa malaria wengi huingia kwa juu, pale ukuta unapoachana na paa, na nyumba iliyoachwa wazi hapo itaingiza mbu hata mlango wake ukiwa wa dhahabu. Pafungwe kwa wavu. Chandarua kitumike kila usiku. Magharibi mwa Kenya watoto walianza kupewa chanjo ya malaria mwaka 2019; wapelekwe na waimalize. Lakini twauliza: mtu aliyekwisha kununua wavu, akamlipa fundi, akapaka rangi, kwa nini ashindwe na jiwe?

Twadhani twajua. Tumeketi katika kamati ambazo mlango wa wavu ulisomwa katika ajenda mara tatu. Mmoja alitaka mlango mpya wa chuma, mwingine akasema mfuko hauna kitu, mwenyekiti akaahirisha. Neno la waya na kikazio lilipotajwa, liliwachekesha watu, kwa kuwa lilikuwa dogo mno kwa kamati. Kwa muda wote huo, wauguzi wa zamu ya usiku walikuwa wakiuinua mlango ule kwa bega, mikono yao ikiwa imejaa.

Basi twaomba jambo hili lisipelekwe kwa kamati. Kila mahali penye mlango wa wavu pawe na mtu mmoja ajulikanaye kwa jina, ambaye kazi yake ni kuzungusha kikazio. Katika nyumba yaweza kuwa kijana wa darasa la saba, naye atafurahi kupewa kazi hiyo. Katika zahanati awe mlinzi au mhudumu, na ile spana ining'inizwe msumarini karibu na mlango, isifungiwe ofisini. Tena wako wazee na wajane katika makanisa yetu ambao milango yao imeegemezwa mawe kwa sababu hawana nguvu za kuinua fremu ile. Vijana wa kanisa wakitoka wanne, wawe na tepe, waya, skrubu na kikazio, waweza kumaliza nyumba kadhaa kabla ya chakula cha mchana. Mwenye nyumba asiachiwe wimbo na maombi tu, mlango ukabaki unakwaruza.

Kazi hii haiishi kwa siku moja, na ndiyo sababu tukapendelea kikazio kuliko msumari. Mvua za masika zikija mbao huvimba, na mlango uliokuwa ukifunga vizuri huanza kubana; legeza nusu ya mzunguko. Kiangazi kikirudi mbao hukauka na kusinyaa, kaza tena. Tone la mafuta katika skrubu zile litazuia kutu, hasa kwenu ninyi wa Pwani ambao upepo wa chumvi hula kila chuma.

Ukitaka kujua kama mlango wako umekaa sawa, ungoje giza. Mtu mmoja abaki ndani na taa, awe ameufunga. Mwingine asimame nje, atazame kando ya fremu kuanzia juu upande wa kitasa, ashuke mpaka sakafuni. Mahali popote utakapoona mstari wa mwanga, tia alama ya chaki, na asubuhi urudi hapo na spana.