Mtoto na Sindano



Katika pwani yetu, tangu Kilwa Kivinje mpaka Lindi, kila mtoto hupaswa kuijua sindano mapema. Huchanjwa anapozaliwa, tena akiwa na majuma 6, 10 na 14, kisha hurudishwa miezi 9 na miezi 18 kwa ajili ya surua. Walakini wengi wetu humfundisha kuiogopa kwanza. Akikataa uji twamwambia, "Nitamwita daktari akuchome!" Halafu twashangaa akiung'ang'ania mlango wa zahanati kama chaza juu ya mwamba.

Mimi nami nalikosa. Mwanangu, akiwa na miaka mitano, alikanyaga msumari penye mashua zilizopandishwa pwani, ikawa lazima achomwe sindano ya kuzuia pepopunda. Nikamwambia, "Haiumi." Iliuma. Mara ya pili watu watatu walimshika, naye alinitazama mimi kwa chuki, si muuguzi.

Mara ya tatu alikwenda na bibi yake. Mama yangu hakumlaza chali; alimpakata wima mapajani, akamwambia, "Mume wangu, itakuchoma kidogo, nami nipo hapa." Sindano ilikuwa bado kuonekana alipoanza: "Kitendawili!" Mtoto akaitika, "Tega!" "Ana mikono minane, wala hana kanzu." Mtoto akawaza. Kaa? Kamba? Katikati ya mawazo hayo alikunja uso, akaguna, kisha akapiga kelele, "Pweza!" Kazi ilikuwa imekwisha.

Maumivu yalikuwapo, lakini hayakupata nafasi yote. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba katika uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango lipitishalo habari za maumivu, na kwamba ubongo wenyewe waweza kulisindika. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa chanjo au kabla yake kidogo, ashikwe na mlezi wake, na walio chini ya miaka 6 wavutwe mawazo kwa mazungumzo, nyimbo au kitu cha kuchezea.

Kitendawili chenyewe sharti kiwe kipya kwake. Akijuacho hakimshughulishi hata kidogo. Wala usingoje alie ndipo uanze. Na kumwambia "usiogope, usiogope" ni kumkumbusha hofu tu. Mwambie kweli kwa maneno machache, kisha mpeleke mawazo kwingine. Asiyependa vitendawili na ahesabu ngalawa zilizoko baharini, au apulize pumzi polepole kama apozaye chai.

Siku hizi mwanangu ndiye amtegeaye mdogo wake wa kike zahanatini, na mara nyingi hukataa kumpa jibu mpaka wafike nje.