Kamba Hukatikia Pembamba

Hotuba ya Katibu juu ya ununuzi wa vyombo vya mawasiliano, iliyosomwa Gairo mbele ya wanachama



Chama chetu kimetimiza miaka kumi, nasi tulio ofisini twaona fahari kwa kila gunia la mahindi na maharage lililopita ghalani mwetu. Lakini leo tumeagizwa kusema juu ya vyombo vya mawasiliano, maana ndivyo vilivyotutia katika maneno mengi mkutano uliopita.

Yafaa tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo yakaja kulegezwa baadaye. Intaneti ilipoanza kuuzwa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, kompyuta zilikuwa chache, na aghalabu ziliungwa kwa waya wa simu kupitia chombo kiitwacho modemu.

Modemu ilichomekwa katika mlango wa siriali, yaani mlango upitishao biti moja moja kwa mfuatano, kama watu wapitao uchochoroni. Ndani ya mlango huo mlikuwa na chipu ya kupokea herufi. Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, chipu hiyo, iliyoitwa 8250, ilishika herufi moja tu. Kompyuta ikikawia kidogo kuichukua, herufi iliyofuata iliiangukia ile ya kwanza, nayo ikapotea, na habari ikabidi irudiwe. Na simu hulipiwa kwa muda! Chipu ya baadaye, 16550A, ilishika herufi 16. Basi mwenye kompyuta kuukuu aliweza kununua kadi ndogo yenye chipu hiyo, akaacha kupoteza herufi, pasipo kununua kompyuta mpya.

Kisha katika Ulaya na Marekani ikaenea simu ya kidijiti iitwayo ISDN, yenye njia mbili, kila moja ikipitisha biti 64,000 kwa sekunde. Hapo hesabu yataka uangalifu. Njia moja huleta herufi 8,000 kwa sekunde. Mbili huleta 16,000. Lakini mlango wa siriali wa kawaida haukuzidi biti 115,200, na kwa kuwa kila herufi huchukua biti 10 humo, zilipita herufi 11,520 tu. Aliyelipia njia mbili akazipitisha katika mlango huo alilipia maji ambayo bomba lake halikuweza kuyapitisha. Mwenye busara alitosheka na njia moja, au alinunua kwanza kadi yenye mlango wa kasi zaidi.

Ndugu wanachama, kosa hilo tumelifanya sisi wenyewe. Katika mwaka wetu wa sita tulinunua chombo ghali cha kugawa intaneti ofisini, tukitumaini kwamba kasi itaongezeka. Haikuongezeka, kwa kuwa njia iliyotufikia ilikuwa nyembamba kuliko chombo. Muuzaji hakutudanganya; sisi hatukuuliza. Fedha zile zilikuwa jasho lenu, nasi twaomba radhi.

Ndiyo maana leo hatuungi mkono pendekezo la kuziuza mizani zetu za kidijiti kwa sababu tu zina mlango wa siriali wa kizamani. Mlango huo hupitisha biti 9,600, yaani herufi 960 kwa sekunde, na uzito wa gunia hauhitaji hata herufi 30. Waya mmoja wa kuziunganisha na kompyuta watosha, ili uzito uingie kitabuni bila kupita katika kalamu ya mtu. Hapo ndipo mkulima atakapoamini kilo zake.

Basi kabla ya kununua chombo chochote, tuulize mambo matatu. Je, ni kipande gani kilicho chembamba kuliko vyote? Je, chombo hiki kitakipanua kipande hicho? Na kikiharibika, yuko fundi wa kukitengeneza hapa Gairo, au walau Morogoro mjini? Jibu likikosekana, fedha na zibaki katika sanduku la Chama.

Wazee walisema kamba hukatikia pembamba. Tusiinunue kamba nzima upya. Tupakaze pale penye upembamba.

Ushirika udumu.