Saa Zenye Rediamu Katika Makumbusho: Hatari Iliyo Stoo

Katika makumbusho, saa yenye rangi ya rediamu humhatarisha mtumishi wa stoo kuliko mtazamaji wa ukumbini, nasi huielekeza tahadhari mahali pasipo penyewe. Saa hizi zilienea kuanzia miaka ya 1910. Rediamu ilichanganywa na salfaidi ya zinki, ikapakwa kwenye tarakimu na mishale ili saa isomeke gizani. Mionzi ya rediamu huifanya salfaidi itoe mwanga, lakini pia huichakaza, na baada ya miongo michache mwanga hufifia. Kilichochoka hapo ni salfaidi. Rediamu-226 huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu, kwa hiyo saa ya mwaka 1920 bado inayo takriban asilimia 95 ya rediamu yake, na rangi iliyochakaa ndiyo inayobanduka. Saa isiyong'aa tena ishikwe kwa uangalifu zaidi, si kidogo.

Jinsi rediamu inavyodhuru tulifundishwa kwa gharama isiyovumilika. Wasichana waliopaka nyuso za saa katika kiwanda cha U.S. Radium Corporation, mjini Orange, New Jersey, walielekezwa kuchongoa brashi kwa midomo. Waliimeza rediamu, mwili ukaipokea kama kalisi na kuihifadhi mifupani. Taya zikaoza, na wengine walikuwa wamekwisha kufa kabla ya mapatano ya kesi yao dhidi ya kampuni mwaka 1928. Miale ya alfa ya rediamu huzuiwa na kioo cha saa, hata na ngozi. Vumbi likivutwa au kumezwa, kinga hiyo haipo. Ndiyo sababu saa hizi zisifunguliwe na fundi asiye na ujuzi wa mionzi. Miale ya gama hupenya kioo, lakini hupungua upesi kadiri mtu anavyosogea mbali.

Wapo wanaosema kwamba saa moja haina madhara makubwa. Kwa saa moja nzima, iliyofungwa, nakubali. Ila makumbusho huweka nyingi pamoja, mara nyingi na vipimo vya ndege za vita vilivyopakwa rangi hiyo hiyo, ndani ya kabati lisilopitisha hewa. Rediamu huzaa redoni, gesi inayopenya mianya ya saa na kukusanyika kabatini. Anayefungua mlango huivuta. Kabati hilo litolewe hewa hadi nje ya jengo, na redoni ipimwe. Wengine hushauri rangi ikwanguliwe na kupakwa mpya. Huko ni kutengeneza vumbi lile lile tunaloliogopa, na kufuta kazi ya mikono ya wanawake wale, ambayo ndiyo thamani ya kitu chenyewe. Kuitupa saa jalalani ni kumhamishia mwingine hatari bila kumwambia.

Utambuzi nao usitegemee macho. Saa nyingi za miaka ya 1960 hadi 1990 zina tritiamu badala ya rediamu, ambayo hupungua nusu kwa miaka 12.3 na ambayo kipimo cha kawaida cha Geiger hakiioni. Herufi T kwenye sehemu ya chini ya uso wa saa mara nyingi huidokeza. Daftari la mkusanyo liandike aina ya rangi, hali yake, kiwango kilichopimwa na tarehe ya kupima.