Mpira wa Meza Huanzia Miguuni

Juma hili nawaletea ya Chilangala, wilayani Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Nilimkuta kijana chini ya mkorosho akicheza mpira wa meza juu ya mbao zilizotandikwa kwenye mapipa. Mkono anao, tena mwepesi. Lakini mpira ukienda pembeni, anaunyooshea mkono huku miguu imesimama kama nguzo. Akaniambia, “Baba, bila meza ya kweli mimi naacha.”

Namwonea huruma, ila sikubaliani naye. Meza halali ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525. Mpira ukipelekwa kona hii kisha ile, hakuna mkono utakaofika peke yake.

Panua miguu kupita mabega kidogo, kunja magoti, uzito uwe mbele ya nyayo. Nenda kwa hatua fupi za ubavu bila kupishanisha miguu, kisha rudi tayari. Anayetumia mkono wa kulia, akipiga upande huo, azungushe kiuno na kuhamishia uzito mguu wa kushoto. Mkono humalizia tu.

Tangu 2001 seti huisha kwa pointi 11, si 21 tena. Anayechelewa kuamka hana muda wa kujirekebisha.

Haya yote hufanyiwa mazoezi uani, mchangani, bila meza. Kwenye sindimba miguu ya vijana hawa hailali. Viongozi wa michezo, meza mnadaiwa. Nawe kijana, usiingoje umekaa.