Anayeuguza Asije Akaugua



Mgonjwa huugua, nduguye huuguza. Maneno hayo ni ya shina moja, na jioni hii nataka kuonyesha yanavyokaribiana pia nyumbani, pale figo zinaposhindwa kazi na damu ikawa inasafishwa kwa maji ya dawa yanayoingizwa tumboni.

Robert Popovich na Jack Moncrief walianzisha namna ya kubadilisha maji haya mfululizo kila siku huko Austin, Texas, mwaka 1976. Utando wa ndani ya tumbo huwa chujio: maji hukaa humo saa kadhaa, yakavuta taka, kisha hutolewa. Mgonjwa akapumzika safari za kwenda kwenye mashine hospitalini. Zamu za wauguzi, hata hivyo, hazikumfuata nyumbani.

Tupige hesabu. Mtu mzima kwa kawaida hubadilishiwa maji mara 4 kwa siku, lita 2 kila mara, kwa nusu saa hivi. Kwa wiki ni saa 14. Kwa mwezi, mifuko 120 yenye kilo 240 za maji. Jumapili imo, Idi imo.

Mtazameni binti anayemuuguza mama yake saa 4 usiku. Anafunga dirisha, anazima feni, anavaa barakoa, ananawa kwa sabuni na kujikausha. Mfuko mpya unaning'inia msumarini. Maji ya zamani yakiisha kutoka, anaulaza mfuko wake juu ya gazeti. Herufi zikisomeka kupitia maji, salama. Zikififia, huenda tumbo limepata maambukizi, na safari ya hospitali ni usiku huo huo.

"Mama, yako safi."

"Haya mwanangu, kalale."

Saa 12 asubuhi mfuko mwingine unamngoja.

Kosa letu ni kumfundisha mtu mmoja. Tufundishe wawili, na mgonjwa mwenye nguvu ajifunze kujibadilishia mwenyewe. Kaka na shangazi wasiogusa mpira unaopitisha maji tumboni wabebe maboksi na wahesabu mifuko iliyobaki. Inapopatikana mashine ya kubadilisha maji usiku mgonjwa akiwa amelala, kazi kubwa hubaki kuunganisha jioni na kuchomoa asubuhi. Ufaransa, wauguzi huwaendea wagonjwa majumbani, na bima ya afya huwalipa.

Nasi kliniki tumezoea kuandika uzito, presha na kiasi cha maji yaliyotoka. Tuongeze mstari mmoja: anayeuguza amelala vipi wiki hii? Jibu likiwa baya, tumlaze mama wodini siku mbili tatu, binti naye akalale kwake. Na siku hizo ziandikwe kwenye faili palepale zinapoandikwa dawa, kwa kuwa binti akianguka, mama hana wa kumtundikia mfuko.